Ngoma, dansi na sanaa za Wayoruba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wacheza ngoma, walimu wa sanaa, wanafunzi, na watu walioalikwa kwenye harusi ya Kinigeria wakataka kujua wafanye nini ngoma ikiwageukia. Penye mengi nimekaa, penye machache nimepita.

Wayoruba ni akina nani, na kwao ni wapi?

Ni moja ya jamii kubwa kabisa za Afrika, makumi ya mamilioni ya watu. Kwao ni kusini magharibi mwa Nigeria, katika majimbo ya Lagos, Ogun, Oyo, Osun, Ondo na Ekiti, pamoja na sehemu za Kwara na Kogi. Wengine wako Benin na Togo, kwa kuwa mipaka ya wakoloni ilipita katikati yao. Ketu, mmoja wa miji yao mikongwe ya kifalme, leo uko Benin. Wenyewe husimulia kwamba dunia ilianzia Ile-Ife, na wafalme wao huhesabu nasaba zao hadi kwa Oduduwa, babu yao wa kwanza.

Wayoruba ni watu wa miji tangu zamani, na kila mji una oba wake, yaani mfalme: Ooni wa Ife, Alaafin wa Oyo, Ataoja wa Osogbo na wengine wengi. Kila mji una sikukuu zake na mtindo wake wa kupiga ngoma. Anayeuliza sherehe ya Wayoruba ni ipi, itabidi aseme kwanza ni ya mji gani.

Ni kweli ngoma zao huzungumza?

Ni kweli, na hapa ndipo pa kuanzia, maana ngoma ndiyo inayoendesha mengine yote. Kiyoruba ni lugha ya toni. Kila silabi hutamkwa kwa sauti ya chini, ya kati au ya juu, na maana hubadilika kwa kupanda na kushuka huko. Mpiga ngoma huacha konsonanti na irabu, akabaki na toni za sentensi na mwendo wake. Msikilizaji aliyekulia ndani ya lugha huyajaza maneno mwenyewe.

Kiswahili hakina toni za namna hiyo, kwa hiyo wengi wetu jambo hili hutuchukua muda kulielewa. Wasomaji wa Kisangani hawatashangaa: jirani zao Walokele wa Mto Kongo walipelekeana habari kwa ngoma ya gogo, kwa msingi huohuo wa toni.

Lakini sentensi nyingi zinaweza kuwa na toni zilezile, sasa mtu anajuaje imesemwa ipi? Mpiga ngoma hasemi neno mojamoja. Husema methali, sifa na kauli ndefu ambazo watu wanazijua, na urefu huo huondoa utata. Methali ikianza kupigwa, mzee aliyekaa pembeni huimalizia mdomoni kabla fimbo haijafika mwisho. Kijana asiyezijua methali hizo husikia mdundo tu. Ndiyo maana watu wanaoipenda sanaa hii wanahangaikia lugha kwanza: ngoma zipo tele, wapigaji wapo, lakini msikilizaji asiyejua Kiyoruba cha ndani humwachia mpigaji azungumze peke yake.

Ngoma ya dundun ikoje, na inatoaje sauti hizo?

Ni gogo lililochongwa likawa jembamba katikati na pana ncha zote mbili, kisha likawambwa ngozi laini ya mbuzi huku na huku. Ngozi hizo mbili zimeunganishwa kwa kamba nyingi nyembamba za ngozi zinazopita ubavuni kutoka ncha hadi ncha. Mpigaji huivaa ngoma begani kwa mkanda, akaiegemeza ubavuni. Mkono mmoja hushika kamba, mwingine hushika fimbo iliyopinda kichwani. Akizibana kamba, ngozi hukazika na sauti hupanda, akizilegeza, hushuka. Msogelee umtazame mikono: mkono wa fimbo unagonga tu, ule wa kamba ndio unaotamka.

Ngoma kuu ya kundi huitwa iya ilu, mama wa ngoma, na ukingoni mwa ngozi yake hufungwa njuga ndogo za shaba. Huyo ndiye msemaji. Zilizobaki hushikilia mdundo. Mojawapo ni gudugudu, kingoma cha duara kinachoning'inia shingoni na kupigwa kwa vipande viwili vya ngozi ngumu. Hakipandi wala kushuka, ila kikinyamaza kundi zima hulegea. Gangan, ndugu mdogo wa dundun, ndiyo utakayoisikia zaidi kwenye muziki wa kisasa kutoka Lagos.

Bata ni familia nyingine ya ngoma. Umbo lake ni la pia, ncha moja pana na nyingine nyembamba, na hulazwa mbele ya tumbo ikapigwa pande zote mbili: kiganja upande mpana, kipande cha ngozi upande mwembamba. Bata ni ngoma ya Shango, mungu wa radi, na pia hupigiwa mizimu ya Egungun. Sauti yake ni kali na ya haraka, na huzungumza kwa mafumbo magumu kuliko ya dundun, hata Wayoruba wengi hawaifuati.

Ongeza agogo, kengele ya chuma, na sekere, kibuyu kilichovikwa wavu wa shanga, utakuwa umepata sauti kuu za sherehe.

Je, yeyote anaweza kupiga?

Zamani kazi hii ilikuwa ya koo maalumu, na hadi leo koo hizo zipo. Utazitambua kwa majina: mtoto wa wapiga ngoma hupewa jina linaloanza na Ayan, kama Ayantunde. Ayan, au Ayangalu, ndiye mlezi wa ngoma, anayesemwa kuwa mpigaji wa kwanza. Mtoto wa ukoo huo huanza mapema sana. Hufundishwa sentensi kwa mdomo mpaka imkae, ndipo aitafute kwenye ngozi.

Leo ngoma hizi hufundishwa shuleni na vyuoni, na zimeingia makanisani. Wanawake pia wamo. Desturi iliwaacha waimbe na kucheza, fimbo zikabaki kwa wanaume, lakini Aralola Olamuyiwa, anayejulikana kwa jina la Ara, amejijengea jina kubwa kwa kupiga dundun jukwaani. Nalifurahia jambo hilo na sioni limeipunguzia ngoma heshima yoyote.

Mpiga ngoma akinigeukia kwenye sherehe, ananiambia nini?

Anakuita. Kama anakujua, atapiga oriki yako, yaani tungo ya sifa za mtu, ukoo au mji. Wahaya wa Kagera wana vivugo, kwa hiyo jambo lenyewe si geni huku kwetu. Tofauti ni kwamba kivugo mtu hujisifia mwenyewe, na oriki mara nyingi husemwa na mwingine. Ndani yake kuna majina ya mababu, ushujaa wao, tabia zao, hata kasoro zao. Kila ukoo una oriki yake, miji ina zake, orisha, yaani miungu yao, wana zao, na kina mama wazee huwaimbia watoto za kwao asubuhi wanapokuja kuamkia.

Mtu akiitwa kwa oriki hawezi kubaki ameketi. Husimama, akaielekea ngoma, akajibu kwa mwili: hatua, mabega, uso. Kisha humtunza mpigaji. Mgeni asiye na oriki huombewa heri au hupigiwa methali inayofaa mahali pale, naye pia anatakiwa asimame ajibu. Hakuna atakayekucheka kwa kucheza vibaya. Kukaa kimya ndiko kunakoonekana kama dharau.

Kutunza kwao ni kama kwetu kwenye taarabu?

Karibu sawa. Noti hubandikwa kwenye paji la uso la mpigaji, la bibi harusi, au la mzee anayecheza, moja baada ya nyingine, kwa madaha. Lakini jihadhari: sheria ya Benki Kuu ya Nigeria ya mwaka 2007 inakataza kurusha, kukanyaga na kuchezea noti za naira kwenye sherehe, na watu wamewahi kufungwa kwa kosa hilo. Siku hizi wengi huweka fedha kwenye bahasha au kikapu. Uliza wenyeji wanafanyaje.

Dansi yao inatambulikaje?

Magoti yamelegezwa, kiwiliwili kimeinama mbele kidogo, nyayo hazitoki mbali na ardhi. Hiyo ni sura ya jumla. Dundun huleta mwendo wa taratibu, wa kujivuna, mzee anaweza kuucheza huku akizungumza na watu. Bata huleta mikatiko: mabega yanaruka, teke linatoka ghafla, mchezaji anasimama dede pale ngoma inapokata.

Watu wa nje hudhani mchezaji anafuata mdundo. Mchezaji mzuri hufuata maneno. Ngoma imesema sentensi, naye miguu yake inapaswa kuimaliza pamoja nayo, silabi kwa silabi. Akichelewa, watazamaji wanaojua wanamwona.

Gelede ni nini?

Ukitaka kuona muziki, dansi na uchongaji vikifanya kazi moja, tazama Gelede. Ni ya Wayoruba wa magharibi, wa upande wa Ketu na maeneo ya mpakani, na huchezwa Nigeria, Benin na Togo. UNESCO iliitangaza mwaka 2001 kuwa miongoni mwa hazina za urithi usioshikika wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa kwenye orodha kuu ya urithi huo.

Gelede huchezwa kwa ajili ya akina mama: mabibi waliokufa, wazee walio hai, na nguvu ya siri ambayo Wayoruba wanaamini wanawake wazee wanayo, ya kujenga na ya kubomoa. Jamii haiamuru nguvu hiyo. Inaibembeleza, na kubembeleza kwenyewe ni kwa uzuri.

Usiku hutoka Efe, muimbaji aliyevaa kinyago, na huimba hadi karibu na alfajiri. Huomba dua, kisha hutaja maovu ya mwaka: nani amedhulumu, nani amedokoa mali ya umma, nani amemtesa mkewe. Kwa kuwa anazungumza chini ya ulinzi wa akina mama, hana wa kumnyamazisha. Mchana wake hutoka wachezaji, mara nyingi wawili wawili waliovaa sawasawa. Ni wanaume wanaoigiza wanawake, wamejaza nguo kifuani na kiunoni, na miguuni wamefunga njuga nzito za chuma. Hapo ndipo utakapoona nilichosema kuhusu maneno na miguu: ngoma inasema, njuga zinarudia, na umati unapiga kelele pale viwili hivyo vinapofunga kwa pamoja.

Kinyago chenyewe huvaliwa juu ya kichwa, si usoni. Chini ni uso wa mwanamke uliotulia. Juu yake mchongaji anaweka anachotaka: nyoka akipambana na ndege, mama akiuza sokoni, cherehani, pikipiki, ndege ya abiria. Wachongaji wa Gelede hawakuwahi kuona ubaya wa kuchonga kipya kilichoingia mjini.

Na Egungun? Ni nani aliye ndani ya nguo?

Swali hilo usiliulize pale. Egungun ni mababu waliorudi kuwatembelea jamaa zao. Mwili wote umefunikwa: matabaka ya vitambaa, damaski, mahameli, vipande vya nguo walizochangia wanafamilia, na wavu mbele ya macho. Kila mwaka familia huongeza kitambaa kipya juu ya kilichochakaa, kwa hiyo vazi kongwe ni kumbukumbu ya ukoo mzima. Anapozunguka kwa kasi, pindo zote hupepea nje na upepo wake hubariki waliosimama karibu. Sauti anayoitoa si ya mtu wa kawaida, hukoroma kwenye koo. Watu hupiga magoti, humweleza shida za nyumbani, naye hutoa dua na maonyo.

Baadhi ya mavazi haya yamewekwa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, yakining'inia yametulia. Huyaoni hapo. Vazi la Egungun limeshonwa ili lizunguke.

Tamasha la Osun-Osogbo lina nini hata watu wasafiri kutoka Brazili?

Osun ni orisha wa mto unaobeba jina lake, mama wa uzazi na wa mali. Simulizi ya mji wa Osogbo inasema wawindaji Larooye na Timehin walihama kwao kwa sababu ya ukame wakafika mtoni. Walipokata mti ukaangukia majini, sauti ilitoka kilindini ikilalamika kwamba wamevunja vyungu vya nili. Walikuwa wameingia kwenye nyumba ya Osun, fundi wa kutia rangi. Wakapatana naye: wao wamheshimu, yeye awalinde. Tamasha la kila Agosti ni kurudia mapatano hayo, na Ataoja, mfalme wa Osogbo, ndiye mwenye wajibu wa kuyatimiza.

Tamasha huchukua siku 12 hivi. Usiku mmoja huwashwa taa ndefu ya shaba yenye ndimi 16, na mfalme, wake zake na makuhani hucheza kuizunguka. Siku ya kilele hutoka Arugba, binti bikira wa ukoo wa kifalme, amebeba kichwani kibuyu chenye tambiko la mji mzima, kimefunikwa kwa nguo. Haongei. Hatakiwi kujikwaa. Watu maelfu humsindikiza hadi mtoni kwa ngoma, na anapopita kila mmoja huzungusha mikono juu ya kichwa chake, akamrushia shida zake azipeleke kwa Osun.

Msitu wa ibada ulio kando ya mto huo una hekta 75, na UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005. Ndani yake kuna sanamu kubwa za saruji na udongo, kuta zenye michoro ya kuchonga, na mahekalu kando ya maji. Kuponea kwa msitu huu kuna mkono wa Susanne Wenger, msanii kutoka Austria aliyefika Nigeria mwaka 1950, akaingizwa kwenye dini ya orisha, akaishi Osogbo hadi alipofariki mwaka 2009 akiwa na miaka 93. Kuna wanaoona ajabu kwamba mgeni alifanya kazi hiyo. Mimi naona ni haki kutaja pia mikono ya wenyeji aliofanya nao, kama Adebisi Akanji, aliyetoka kwenye uashi akawa mchongaji wa saruji. Bila wao kuta zile zisingesimama.

Tahadhari moja kwa anayepanga kwenda: uchimbaji wa dhahabu huko juu umeuchafua mto, na mwaka 2022 mamlaka za jimbo ziliwaonya waumini wasiyanywe maji yake. Kwa watu ambao maji hayo ni dawa ya uzazi, hili ni pigo kubwa, na linastahili kusemwa kila tamasha linapotangazwa.

Wachoraji wa Osogbo walitoka wapi?

Mwaka 1962 Duro Ladipo, mtunzi wa tamthilia za kuimba, alifungua mjini Osogbo nyumba ya sanaa iliyoitwa Mbari Mbayo, akishirikiana na Ulli Beier, mwandishi mzaliwa wa Ujerumani. Humo zilifanyika warsha fupi za uchoraji katika miaka iliyofuata, nyingine zikiongozwa na Georgina Beier, na waliohudhuria wengi walikuwa vijana wa mitaani na waigizaji wa Ladipo. Twins Seven Seven alifika akiwa mcheza dansi wa muuza dawa aliyezunguka miji. Muraina Oyelami akawa mchoraji na pia mpiga dundun. Jimoh Buraimoh akaanza kubandika shanga kwenye picha zake, kama zile za mataji ya wafalme.

Hapa kuna uzi unaofika kwetu. Mbari Mbayo ilifuata nyayo za Mbari ya Ibadan, klabu ya waandishi na wasanii iliyoanzishwa mwaka 1961. Mmoja wa waliokuwa Ibadan alikuwa Es'kia Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini. Mwaka 1963 alihamia Nairobi akaanzisha Chemchemi, kituo cha sanaa cha mtindo huohuo, na Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Kilimanjaro, alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hapo. Mwaka 1965 Njau na wenzake wakafungua Paa ya Paa, Nairobi.

Adire hutengenezwaje?

Ni kitambaa cha pamba kilichotiwa nili, na Abeokuta, Osogbo na Ibadan ndiyo miji yake mikuu. Ni kazi ya wanawake. Kuna adire ya kufunga, ambapo kitambaa hufungwa kwa nyuzi za ukindu kabla ya kuzamishwa. Na kuna ya wanga: muhogo hupikwa ukawa uji mzito, fundi huchovya unyoya wa kuku, akachora kwa mkono miraba kwa miraba mpaka kitambaa kijae. Kikikauka hutumbukizwa kwenye chungu cha nili, hutolewa kikapigwa na hewa, hurudishwa tena, mara nyingi kadiri buluu inavyotakiwa kukolea. Mwisho wanga hukwanguliwa, na pale ulipokuwa hubaki weupe.

Michoro ina majina. Mmoja maarufu unausifu mji wa Ibadan, na ndani yake utaziona nguzo za Mapo Hall, ukumbi wa mji ule. Nike Davies-Okundaye, aliyezaliwa mwaka 1951, ameifundisha kazi hii kwa vijana wengi bila malipo, na jumba lake la sanaa la ghorofa kadhaa huko Lekki, Lagos, ni mahali pazuri pa kuiona. Uwe makini sokoni: vitambaa vingi vinavyouzwa kwa jina la adire vimepigwa chapa kiwandani. Igeuze nguo, ya mkono rangi yake imeingia hadi upande wa pili.

Kwenye harusi nivae nini?

Kama umealikwa kwa karibu utaambiwa kuhusu aso ebi, ambayo ni sare, kama tunavyofanya kwenye harusi zetu. Wanaume huvaa agbada, joho pana, na kofia ya fila. Wanawake huvaa blauzi pana iitwayo buba, pamoja na kitambaa cha kujifunga kiunoni na gele, kilemba kikubwa kilichokunjwa kwa ufundi. Nguo ya heshima zaidi ni aso oke, hufumwa kwa mkono kwa mikanda myembamba inayoshonwa pamoja, na Iseyin ni mji wake. Chakula, bila shaka, kitakuwepo: amala, ambayo ni ugali wa unga wa viazi vikuu, kisha viazi vikuu vya kutwanga, na wali mwekundu wa jollof.

Mwislamu au Mkristo anaweza kushiriki?

Wayoruba wengi wenyewe ni Waislamu au Wakristo, na si ajabu kukuta dini zote ndani ya nyumba moja. Muziki wao umebeba hali hiyo. Fuji, muziki wa mjini wenye ngoma nyingi, ulitoka kwa vijana waliozunguka mitaani usiku wa Ramadhani kuwaamsha watu, kama wapiga daku wa pwani yetu, na Sikiru Ayinde Barrister ndiye aliyeukuza hadi kumbi kubwa. Juju, muziki wa magitaa na dundun wa kina King Sunny Adé na Ebenezer Obey, umejaa nyimbo za Kikristo.

Tambiko ni jambo jingine, na kila mtu ana mpaka wake. Ukiwa mgeni unaweza kushuhudia msafara bila kushiriki ibada, na wenyeji hawatakulazimisha. Mvutano upo: kuna wahubiri wanaoziita sikukuu hizi ushetani, na wenye mila wamedai nafasi yao. Tarehe 20 Agosti sasa ni siku ya Isese, dini ya asili, na majimbo kadhaa ya Wayoruba huifanya sikukuu ya mapumziko.

Kwa nini mambo haya yako pia Brazili na Kuba?

Dola ya Oyo ilipoporomoka katika karne ya 19, vita viliwafanya Wayoruba wengi kuwa mateka, wakauzwa ng'ambo ya Atlantiki. Walifika na orisha wao. Salvador, Brazili, tarehe 2 Februari watu humpelekea Yemanja, orisha wa bahari, maua baharini, na kina mama wa mitaani huuza acarajé, ambayo ni akara, zile bajia za kunde za Nigeria. Kuba walihifadhi ngoma za bata, tatu kwa kundi, na mafundi wa huko wanazijua sala za ngoma ambazo sehemu nyingine zimesahaulika. Baadhi ya walioachwa huru walirudi Lagos wakajenga mtaa wa Wabrazili. Huko South Carolina, Marekani, Wamarekani weusi walianzisha kijiji cha Oyotunji mwaka 1970, wakaweka mfalme wao na sikukuu zao.

Mgeni achunge nini?

Salamu kwanza. Mwanamume hulala kifudifudi mbele ya mkubwa wake, mwanamke hupiga magoti. Mgeni akiinama vizuri inatosha. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kwenye kinyago usiombe mara mbili. Sikukuu ya Oro, ibada ya siri ya wanaume, ikitangazwa, wanawake hukaa ndani, na hata mwanamume mgeni abaki ndani vilevile. Katika Eyo ya Kisiwa cha Lagos, ile ya watu waliovaa meupe gubigubi, usiende na viatu, sigara wala pikipiki.

Kikundi chetu cha Afrika Mashariki kinataka kufanya siku ya utamaduni wa Wayoruba. Tuanzeje?

Tafuteni Wayoruba kwanza. Wanigeria wapo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na miongoni mwao hamtakosa mtu anayejua nyimbo za kwao. Mkipata mpiga dundun, mlipeni kama fundi, na pangeni ratiba kwa kumfuata yeye, si kwa kumwingiza dakika tano kati ya hotuba.

Jifunzeni wimbo mmoja vizuri, pamoja na toni zake, badala ya kumi kwa kubahatisha. Msivae Egungun. Hilo ni vazi la ibada la ukoo fulani, na kuligeuza vazi la maonyesho ni kuwakosea wenye mababu wao. Gelede kadhalika, ila kama mmefundishwa na wenyewe. Adire, sekere, nyimbo za kuitikiana, dansi za dundun na hadithi za kobe ziko wazi kwa kila mtu.

Mwalike kila mgeni aandike mistari minne ya sifa za ukoo wake kwa lugha ya kwao, kisha isomwe ngoma ikipigwa. Mkipata Mhaya, Mmasai, Mluguru na Myoruba ukumbini, mtakuwa na jioni ndefu.

Watoto waanze na kipi?

Sekere. Tafuteni kibuyu kikavu chenye shingo, kitobolewe, mbegu zitolewe, kioshwe na kianikwe mpaka ndani kusisikike kitu. Fungeni uzi imara kuzunguka shingo, kisha nyuzi nyingine zishuke kutoka hapo, zifumwe ziwe wavu, kila fundo na shanga yake. Mbegu ngumu nazo zinafaa. Wavu uachwe legelege, ukikazwa shanga hazigongi. Mtoto wa darasa la tatu akisaidiwa kwenye mafundo ya kwanza atamaliza wa kwake kwa siku chache, na siku ya sherehe atakuwa na chombo cha kupiga.